Nitozeni Kodi, Nipige Filamu

Jumamosi, 6 Machi 2004
Nimesoma gazeti la London. Kule mtu akitengeneza filamu, serikali humsamehe kodi. Ajabu! Basi na mimi nitatengeneza. Mke wangu Mahbuba ana hamu ya baraza ya nyumba yetu ya Vuga, Unguja, miaka arubaini sasa tangu tuhamie huku ugenini, na daktari kamkataza kupanda ndege. Nitaijenga ya kuigizia huku huku, mtaa wa Ghala, katika karakana ya seremala Bakhit, na msamaha wa kodi utagharimia. Mahbuba haambiwi kitu.

Jumapili, 7 Machi
Shemegi yangu Suud ana kamera ya harusi. Atakuja, kasema, iwapo jina lake litatangulia langu. Mtu aliyenikata kichwa katika picha ya harusi yangu mwenyewe! Nimekubali. Bakhit kaupaka mlango wa baraza rangi ya kijani.

Jumatatu, 8 Machi
Ofisi ya kodi. Binti wa mapokezi, Bashayer, mjukuu wa watu wa Pemba, alinisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza, babu, usamehewe kodi ipi? Pensheni yako haikatwi kitu. Nchi hii mishahara haikatwi kodi.
Hili sikulifikiria.

Jumanne, 9 Machi
Nimerudi. Nimemwomba anitoze kodi, kidogo tu, nipate kusamehewa. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa shela. Akamwita mkuu wake aje anione. Mkuu akasema tangu aanze kazi hajapata ombi kama hili. Nilijivuna.

Alkhamisi, 11 Machi
Suud kamtobolea dada yake siri! Mahbuba kaja Ghala na dele lake la kahawa. Kautazama mlango wa mbao nyembamba. Akauliza nani kanidanganya kuwa ule wa Vuga ulikuwa wa kijani. Akasema baraza yenyewe ndefu mno, na kwamba ujanani nilikuwa nikimwangalia yeye tu, nyumba sikuiona. Kisha akakaa. Akapigapiga pembeni yake: haya, keti, watu wanapita.
Hakupita mtu, ila gari la kuvuta magari mabovu. Tukalitolea salamu.
Suud alisahau kutia kanda. Sikumgombeza.

Ijumaa, 12 Machi
Bakhit anataka nafasi yake. Mahbuba anataka kurudi Alkhamisi. Hila nnayo! Nimeiandikia serikali ya Unguja, kurasa nne. Nnaomba wanitoze kodi yao yote kwa jengo letu la Vuga, tangu siku tuliyoondoka. Wakishanitoza, nitaomba msamaha wa filamu.
Mahbuba kaisoma barua, kavaa miwani. Akaongeza mstari mmoja chini: mlango ni wa kahawia.