Mwonjaji Mkuu wa Kasiksi

Gracien alikuwa amekaa na fanta moja tangu mchana, na fanta hiyo alikuwa anaitunza kama nguo ya misa. Alikuwa kwenye lounge ya Papa Adalbert, pale Ibanda, upande unaoangalia ziwa, amevaa koti lake la kijivu. Koti lile lilikuwa limeshamsaidia kuwa mwanasheria, mchungaji na, kwa wiki moja yenye baraka nyingi, daktari wa mifugo.

Meza ya jirani walikaa wageni wa shirika moja, wengi, wenye nia ya kutumia. Mama mmoja mwenye miwani mikubwa alimwita mhudumu.

"Tuletee kasiksi."

"Kasiksi?" Mhudumu alishtuka. "Madame, ile banakunywaka kule Kadutu. Hapa tuko na bia, tuko na wiski, tuko na kokteli."

"Kokteli tumekunywa Kinshasa. Hapa tulitaka kitu cha hapa."

Wakainuka wote, wakaenda. Papa Adalbert, aliyekuwa kwenye kaunta, aliitazama meza tupu kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe, na Gracien akamtazama Papa Adalbert.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana mambo ya pombe Bukavu yanageuka haraka kuliko siasa. Zamani, ukishuka nyuma ya soko la Nyawera saa za kutoka kazini, kila ua ulikuwa na benchi, na kila benchi lilikuwa na mama mwenye dumu lake, bidoni ya kasiksi, pombe ya ndizi, yenye povu, bado inachemka yenyewe ndani ya kikombe. Makarani walikunywa. Mapadri walikunywa wakisema wanapita tu. Kisha chupa zikaja, na watu wakaanza kuona aibu ya kikombe. Kisha lounge zikaja, na taa za buluu, na viti ambavyo ukishakaa kuinuka ni kazi, na akina mama wa kasiksi wakapandishwa mlimani kule Kadutu pamoja na bidoni zao. Maman Eulalie alikuwa mmoja wao. Pale alipokuwa na benchi lake, sasa magari ya wateja wa Papa Adalbert yanaegeshwa. Na leo, jamani, kwenye lounge hiyo hiyo watu wanaulizia kasiksi!

Gracien alikuwa na shida moja tu duniani, na shida hiyo ilikuwa na miguu minne. Alimpenda Colombe, binti wa Maman Eulalie. Alimpenda kweli, bila ujanja wowote, mpaka yeye mwenyewe alikuwa anashangaa. Lakini Muzee Alphonse, baba mdogo wa Colombe, alikuwa ameshasema neno la mwisho: ng'ombe ya mahari ifike Jumamosi hii, ama Colombe atapewa mwalimu mmoja wa kule Miti, mtu mwenye mshahara, mwenye adabu, na mwenye ng'ombe tayari.

Basi Gracien akamaliza fanta, akafunga kifungo cha koti, akasogea kaunta.

"Papa, pole sana. Nimeona."

"Umeona nini? Weye ni nani?"

"Gracien. Katibu Mkuu na Mwonjaji Mkuu wa Shirika la Kasiksi ya Kweli."

"Sijalisikiaka."

"Njo vizuri. Tungekuwa tunasikika, kila mutu angekuya kutuhonga."

Papa Adalbert alikuwa mfanyabiashara, na jibu hilo aliliona lina akili. Akamvutia kiti. Gracien akamweleza, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la askofu, kwamba lounge ikikubaliwa na Shirika inapewa bango la kutundika mlangoni, na juu ya bango nyota, moja mpaka tano. Mgeni wa siku hizi, alisema, kabla hajauliza choo kiko wapi, anauliza bango liko wapi.

"Hapa Bukavu nani alishapata?"

"Hapa, bado. Goma bameshapata bango mbili."

"Goma!" Papa Adalbert alipiga kaunta kwa kiganja. "Ni makuta ngapi?"

Aliposikia pesa zinatajwa, Gracien alirudi nyuma, akashika kifua.

"Makuta? Papa, unataka banifunge? Hii ni kitu ya mila. Mila haipokeake makuta. Mila inapokeaka ng'ombe."

"Ng'ombe muzima?"

"Papa, nusu ya ng'ombe ni nyama."

Papa Adalbert alikuwa na ng'ombe zake kule Kabare, na alizipenda kuliko ndugu wengi.

"Na ndama je?"

"Kwa ndama tunatoa nyota mbili. Sasa mutu wa Goma apite hapa, asimame mulangoni, ahesabu..."

"Basi, basi! Ng'ombe."

Wakapeana mkono. Kasiksi italetwa na Shirika lenyewe. Ng'ombe ataletwa na mchungaji wa mifugo Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa mpira wa Cimpunda, kimyakimya, kwa heshima ya mila.

"Na hiyo kasiksi," Papa Adalbert akauliza mwishoni, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "iko muzuri?"

"Weye unakunywaka?"

"Mie? Tangu utoto sijaigusa. Inanichomaka hapa." Alionyesha kifua.

"Basi usijisumbue, Papa," akasema Gracien kwa upole.

Jioni ile alipanda Cimpunda, mlimani Kadutu, kwa Maman Eulalie kuomba bidoni moja. Maman alimimina kikombe, akanywa yeye kwanza funda moja, ndipo akampa. Ndivyo inavyofanyika kwetu nyumba zote: mwenye kutoa pombe anaonja wa kwanza, mgeni aone kwa macho yake kwamba hakuna sumu. Hata mama mkwe kwa mkwe. Hasa mama mkwe kwa mkwe.

"Na ng'ombe?" aliuliza Maman.

"Jumamosi, Maman. Inakuya na miguu yake."

"Na pombe ya kusindikiza ng'ombe? Ile ni bwana harusi njo analetaka."

"Maman, kwa hiyo nisaidie. Niko na mambo mingi ya biro."

"Ya biro," Maman akarudia, akimtazama kijana asiye na ofisi hata moja. "Sawa. Nitakuangalilia."

Kasiksi ya kweli haina haraka. Ndizi zinafukiwa ziive, zinakamuliwa kwa majani ndani ya mtumbwi wa mti, mtama unakaangwa na kusagwa, na baadaye watu wanangoja, maana pombe ndiyo inayoamua siku. Gracien hakuwa na siku za kuipa pombe. Bidoni ya Maman aliipeleka siku ya kwanza, na wageni wakasifu kwa haki kabisa. Kuanzia siku ya pili alijifungia chumbani kwake akatengeneza yake: maji ya bomba, sukari, hamira ya mkate, chai nzito kwa ajili ya rangi, na kwa ajili ya povu, vidonge vya mafua, vile vinavyochemka kwenye glasi. Bidoni akaiziba kwa kitambaa chekundu, kilichokuwa zamani mguu wa soksi. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akaipa nyota tano.

Bango nalo likatundikwa mlangoni. Fundi mmoja wa kuchomelea alilikata kwenye mlango wa friji iliyokufa, na nyota akazipaka rangi ya dhahabu. Mama wa miwani mikubwa alirudi na wenzake. Kasiksi ya Gracien aliletewa kwenye glasi ndefu, na kipande cha nanasi pembeni.

"Unausikia mlima ndani yake," alisema akifumba macho.

Alichokisikia kilikuwa ni dawa ya mafua, lakini nani amwambie? Watu wa Bukavu wanaojua kasiksi walikuwa Kadutu wanainywa. Meza zilijaa. Foleni ya choo nayo ikajaa, na Papa Adalbert, alipoona watu wanavyokimbilia kule, aliagiza choo cha pili kijengwe haraka, akahesabu hilo pia kuwa ni maendeleo.

Alhamisi Gracien alipita kwa Colombe. Maman hakuwepo.

"Ameshuka Ibanda," Colombe alisema. "Dereva mumoja wa bageni alimuletea chupa ya kasiksi ya lounge, akamuonjesha. Maman akatema, akavaa kitenge ya misa, akaenda. Anasema anaenda kuangalia fasi yake ya zamani, pale benchi yake ilikuwaka."

Mtu mwingine angesimama hapo na kufikiri. Gracien alikuwa anamtazama Colombe, na akimtazama Colombe alikuwa hafikiri kitu kingine. "Bamaman banapendaka mambo ya zamani," alisema, akaondoka akipiga mluzi.

Jumamosi asubuhi alienda uwanjani. Mchungaji hakuwepo, ng'ombe hakuwepo. Alingoja mpaka jasho likapita kwenye koti. Mwisho alipanda kwa wakwe mikono mitupu, akitunga njiani hadithi ya daraja lililovunjika. Alipoingia uani, hadithi ilimkauka mdomoni.

Ng'ombe alikuwa pale. Mweusi, mnono, amefungwa kwenye mti wa parachichi, anatafuna. Na kando ya ng'ombe, kwenye kiti cha heshima, alikaa Papa Adalbert.

"Katibu Mkuu!" aliita kwa furaha. "Maman alinialika. Nikajisemea, mila kama hii siwezi kuituma na muchungaji."

Gracien alitabasamu kwa meno yote. Ndugu walijaa uani, Colombe amekaa katikati ya shangazi zake, amependeza mpaka roho ya Gracien ikauma. Muzee Alphonse alimzunguka ng'ombe, akamshika nundu, akamtazama meno.

"Ng'ombe iko muzuri," alisema. "Sasa pombe."

Maman Eulalie akatoka nyumbani amebeba bidoni. Ilikuwa imezibwa kwa kitambaa chekundu. Gracien aliijua soksi yake kabla hata ya kuijua bidoni.

"Pombe hii ni ya Gracien," Maman alitangaza. "Si ya kununua. Alitengeneza na mikono yake."

"Eeee!" ndugu wakashangilia.

"Iko na nyota tano," Papa Adalbert akaongeza.

Maman akamimina kibuyu kikajaa mpaka shingoni, akampa Gracien kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Mwenye pombe anaonja wa kwanza.

Harufu ya chai ikampanda puani. Alifikiri kusema tumbo linamsumbua. Alifikiri kusema ameokoka, hanywi tena. Lakini alijua, kama kila mtu uani alivyojua, kwamba mtu anayekataa kuonja pombe yake mwenyewe mbele ya wakwe hakosi mke tu. Jina lake litatajwa kila msiba utakaotokea mlima ule mpaka atakapokufa naye. Akainua macho. Colombe alikuwa anamtazama, na hakuwa anacheka. Alikuwa na wasiwasi, maskini, wasiwasi wa kweli, na Gracien akajisikia vibaya kuliko alivyowahi kujisikia tangu avae koti lile.

Akanywa.

"Funda moja ni ya mulango," alisema Muzee Alphonse. "Kunywa na ya nyumba."

Akanywa ya nyumba.

"Ya ng'ombe," akasema Maman.

Akanywa ya ng'ombe, na ya mababu, na ya Shirika, ambayo Papa Adalbert aliiomba mwenyewe. Kibuyu kilipoisha alikirudisha kwa mikono miwili, akashukuru kwa sauti nyembamba, kisha akavuka ua akienda kwenye choo cha mabati, mwanzoni akitembea.

Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka, koti likiwa mkononi, watu walikuwa wanakunywa kasiksi nyingine, ya Maman, yenye povu la kweli, na Papa Adalbert alikuwa ameshika kikombe cha tatu akishangaa kwamba hakimchomi.

"Muzee," Gracien alisema akijishika ukutani, "ng'ombe umeiona. Basi tuongee ya harusi."

"Ng'ombe gani?"

"Hii."

Papa Adalbert akakohoa. "Samahani, Katibu Mkuu. Ng'ombe nilitoa juu ya kasiksi ya kweli. Maman alikuya Alhamisi, akanionjesha ya kwake, akanionjesha na ya kwako. Kasiksi ya kweli iko kwa Maman, basi na ng'ombe iko ya Maman. Jumatatu anarudia fasi yake ya zamani. Magari itasimama barabarani."

"Na bango? Papa, ile Shirika..."

"Najua. Haiko." Papa Adalbert akanywa funda. "Bango inabaki. Goma bako na mbili."

Muzee Alphonse akamgeukia Gracien, bila hasira hata kidogo.

"Hii ni ng'ombe ya Maman. Ya kwako iko wapi?"

Gracien alikaa chini, kwenye udongo. Colombe ndiye aliyemletea maji yenye chumvi na sukari, akachuchumaa kando yake.

"Ulikunywa yote."

"Yote."

"Na ulijua iko nini ndani."

"Njo mie nilitia."

Colombe akacheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa kitenge. Kisha akainuka, akamwambia Muzee Alphonse, mbele ya shangazi wote, kwamba yule mwalimu wa Miti asingekunywa hata ya mlango, na kwamba yeye atamngoja huyu. Shangazi wakanung'unika. Muzee akakuna kidevu, akasema atamngoja na yeye, lakini kwa ng'ombe, si kwa maneno, na mpaka siku hiyo mtu huyu afanye kazi.

Siku hizi benchi la Maman Eulalie liko palepale lilipokuwa, chini ya bango, na wateja wa taa za buluu wanatoka ndani na glasi zao kupanga foleni. Kila bidoni ikifunguliwa, Maman anamimina kikombe cha kwanza na kuita: "Mwonjaji Mkuu!" Gracien anakuja na koti lake, anakunywa mbele ya watu wote, na anabaki amesimama pale mpaka Maman aridhike kwamba hajaanguka. Ndizi pia anakamua yeye.

Ng'ombe yule mweusi alishazaa, na Maman, kwa huruma, akampa Gracien ndama kuwa malipo ya kazi yake. Gracien alimsukuma kwa furaha mpaka kwa Muzee Alphonse. Muzee alimzunguka ndama yule taratibu, akamshika masikio, akatazama meno ambayo bado hayajaota vizuri.

"Papa Adalbert alinielezea sheria ya Shirika lenu," alisema. "Kwa ndama ni nyota mbili. Umukulishe majani, mutoto wangu, akomae, halafu urudi."