Usafiri Bure Mpaka Mlangoni

Mvua ndiyo iliyomwingiza Silvanus dukani kwa Mzee Mwinyimadi pale Visiga. Tamaa ndiyo iliyomkalisha. Duka lilikuwa la vyerehani vilivyotumika, na katikati yake kilisimama cherehani cha miguu, cheusi, chenye maua ya dhahabu na meza ya mninga. Silvanus aliamkia, akauliza bei, akasikitika kwa adabu, kisha akaomba akipige picha akamwonyeshe mkewe. Mke hakuwa naye, ila simu alikuwa nayo.

Jioni ile cherehani kilikuwa mtandaoni. Mwenyewe anahama, bei ya kutupa, usafiri bure mpaka mlangoni. Anayekitaka atume kishika uchumba kwanza maana wateja ni wengi. Na kweli wakawa wengi. Watu ambao sokoni hawanunui nazi mpaka waigonge na kuitikisa sikioni walituma hela kwa kuona picha. Silvanus alizipokea, akawafungia namba, akaenda zake kula chipsi kuku.

Msimwite mwizi. Jina hilo lilimchoma kweli. Mwizi huchukua, Silvanus alipewa, tena kwa salamu na shukrani. Mkono wake haukuwahi kugusa mali ya mtu, na hiyo ndiyo heshima aliyotembea nayo kifua mbele kwao Maili Moja. Za mwizi ni arobaini, alikuwa akisema, lakini za mtu anayepewa hakuna aliyewahi kuzihesabu.

Ndipo akapigiwa simu na Zuleha wa Marui, kule ndani Kisarawe. Sauti ilikuwa ya pole, ya mtu aliyeumbwa kuliwa. Alikitaka cherehani, hela yote anayo taslimu, wala hakuomba kupunguziwa. Ila kutuma kwa simu hajui, na cherehani ambacho hajakikanyaga kwa mguu wake mwenyewe hanunui.

Hela yote, taslimu, bila kupunguziwa. Usingizi ulimpaa Silvanus. Akatafuta njia, akaipata kwenye siku ya Ijumaa. Mzee Mwinyimadi alipokwenda kuswali hakufunga duka; alilaza ufagio mlangoni, na Visiga nzima ilijua maana yake: mwenyewe yuko msikitini, subiri. Silvanus alikuwa Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, lakini urefu wa hotuba ya Ijumaa aliujua kuliko waumini wengi. Angeuondoa ufagio, angekaa kwenye kiti cha mzee, angepokea hela, angemtuma yule mama akatafute gari, naye angeyeyuka. Asingegusa kitu.

Ijumaa ilipofika Zuleha aliingia na baibui lake na kikapu cha ukili. Aliketi, akakanyaga, akashona kipande cha kanga alichokuja nacho, akauvuta mshono kwa meno. Silvanus alikisifu chombo mpaka akaanza kukitamani mwenyewe.

"Nimekipenda," alisema Zuleha. "Pakia twende."

"Hela kwanza, dada."

"Hela iko nyumbani. Nitembee nayo njia yote hii niibiwe? Siku hizi watu wabaya, mdogo wangu. Na wewe si uliandika usafiri bure mpaka mlangoni?"

Silvanus alitega sikio. Kwenye kipaza sauti cha msikiti hotuba ilikuwa imeshafika kwenye dua. Ama aiache hela yote irudi zake Marui, au abebe kitu cha mtu. Moyo ulimuuma, kwa sababu miaka yote alijiona yuko juu ya vibaka. Ngozi nayo ilianza kumuuma kabla ya wakati, maana alijua mtu akiitiwa mwizi kando ya barabara ya Morogoro mambo huishaje. Kisha akalifikiria lile bunda la noti, akaita kirikuu, kigari cha mizigo.

Cha ajabu, hakuna aliyepiga yowe. Adventina wa genge la jirani aliweka chini kisu cha mchicha, akaja kushika mguu mmoja wa meza. Wapita njia wakashika mingine. Wakawatakia safari njema. Silvanus alijiona ana kipaji ambacho hata yeye hakuwa akikijua, maana mwizi gani husaidiwa kupakia? Zuleha aliurudisha ufagio mlangoni kwa uangalifu, akapanda mbele kwa dereva. Silvanus alikaa nyuma, akiwa amekumbatia mzigo.

Walipita Kisarawe mjini, lami ikaisha, vumbi likaanza. Walipofika Marui alikuwa mwekundu mpaka kope. Cherehani kilishushwa barazani kwa vigelegele, naye akapewa maji, pole na mhogo wa kuchoma. Alipomaliza kutafuna, akakumbusha kwa adabu habari ya malipo.

"Malipo ya nini?" aliuliza Zuleha.

"Ya cherehani, dada."

"Cherehani nilimlipa Mzee Mwinyimadi Jumatano, Adventina shahidi. Kilichonishinda ni usafiri tu." Akamwita msichana aliyesimama mlangoni. "Huyu ni mdogo wangu, Shamsia. Alikutumia kishika uchumba, ukamfungia namba, akalia wiki nzima. Nikaichukua picha yako nikazunguka nayo Kibaha duka kwa duka mpaka nikakipata. Nauli ya leo inakaribia ulichomla. Kinachopungua tumekusamehe."

Silvanus alitaka kupandisha sauti. Lakini ili adai hela ingembidi aeleze alikitoa wapi cherehani, na uwanja ulikuwa umejaa wanaume ambao mchana ule hawakuwa na kazi nyingine. Wala si hela iliyomuuma zaidi. Alikuwa amekubali kuwa mwizi, kwa mara ya kwanza maishani, na hata huo wizi wenyewe haukuwepo. Alikuwa mpagazi.

"Bosi, na mimi?" aliuliza Yahya, dereva wa kirikuu, ambaye walikubaliana alipwe mzigo ukifika.

Mfukoni hamkuwa na kitu ila simu, na hela za humo alishazila. Yahya aliipokea, akadai na namba ya siri, akasema atakaa nayo mpaka aletewe chake. Hakuwa hata ameitia mfukoni ilipotetemeka.

"Kuna mtu anauliza cherehani bado kipo," alisoma. "Anataka kutuma hela sasa hivi."

Watu wote wakamgeukia Silvanus. Shamsia alikuwa ameshaketi kwenye cherehani, anatunga uzi kwenye sindano, na hakuinua kichwa.

"Mwambie kimeuzwa," alisema Shamsia.

Yahya akaandika hivyo hivyo, akawasha gari. Silvanus akauliza njia ya kwenda Kisarawe mjini kwa miguu.