Manju wa Darasa la Tano A

Jumamosi, 8 Julai 1978

D nyingine. Mkufunzi Nkwabi alikuja juzi kwa pikipiki ya chuo, akaketi nyuma ya Darasa la Tano A, akanisikiliza nikifundisha hesabu za sehemu kwa dakika arobaini. Niliuliza maswali kumi na moja. Haukunyooshwa mkono hata mmoja. Watoto walinitazama kama ng'ombe wanavyotazama treni. Kabla ya kuondoka akaandika kwenye daftari lake kwamba mwalimu mwanafunzi Sabiti Akida anafundisha ukuta. Hiyo ni D ya pili. Ya tatu nafungishwa virago chuoni. Atarudi Alhamisi tarehe 20.

Nikifukuzwa sijui nitaingiaje Shinyanga. Mama ameshaanza kuitwa Mama Mwalimu sokoni. Aliyelianzisha jina hilo ni yeye mwenyewe, lakini limeshika. Mjomba Shaaban naye amesema wazi kuwa penye cherehani yake kuna kazi ya kutia vifungo, na kiti changu hajampa mtu.

Euphrasia, mwenzangu wa chuo, anafundisha Tano B, ng'ambo ya uwanja. Ana A mbili. Anasema siri ni kuwasikiliza watoto kwanza. Maneno ya mtu aliyeshiba.

Lakini jana! Saba Saba, tulikwenda Kharumwa kutazama ngoma. Mimi mtoto wa mjini, sikuwahi kuziona kwa karibu. Bagika upande huu, Bagalu upande ule, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma vinavyoshindana tangu zamani, wanacheza kwa wakati mmoja, na hakuna mwamuzi. Watazamaji ndio waamuzi. Kundi likivuta watu wengi, limeshinda. Watu walikuwa wakihama kutoka upande mmoja hadi mwingine, vumbi tupu. Na ni akina nani niliowaona wakiimba mpaka mishipa ya shingo imewasimama? Watoto wangu wa Tano A. Mabubu wale wale.

Nimepata dawa.

Jumatatu, 10 Julai

Nimeligawa darasa. Safu za dirishani ni Bagika, safu za mlangoni ni Bagalu. Kila jibu sahihi, alama kwa upande wake. Nilipouliza nusu ya nane ni ngapi, mikono ilinyooka kama mtama. Mtoto mmoja alipanda juu ya dawati. Kwa mara ya kwanza tangu nije hapa ilinibidi niseme "nyamazeni". Neno tamu sana.

Mwalimu Mkuu Mabula aliniita ofisini. Alisema mambo ya ngoma yana wenyewe, nisiyachezee. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba elimu lazima itoke katika mazingira ya mtoto, chuoni tumefundishwa hivyo. Akanitazama, akarudi kuhesabu majembe ya shule.

Euphrasia aliniuliza kama nimewauliza wazazi. Yeye ni wa Bugarama, Msukuma wa kuzaliwa, anadhani anajua kila kitu. Wivu huo.

Jumatano, 12 Julai

Mambo yamekwenda mbele kidogo kuliko mpango. Asubuhi nimekuta unga mweusi umenyunyizwa juu ya meza yangu. Bagalu wanasema ni uchawi wa Bagika. Bagika wanasema ni masizi tu, ila wanacheka. Nimefuta kwa kitambaa, kisha nimetupa kitambaa.

Saa nne akaja Mzee Masele, manju wa Bagalu wa kijiji hiki, yaani kiongozi wao wa ngoma na mtunzi wa nyimbo zao. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi. Hakupaza sauti. Alisema mwanawe Mageni nimemkalisha upande wa Bagika. Alisema katika mji wake hajawahi kutokea mtu wa Bagika, tangu babu yake. Mtoto amerudi nyumbani analia, na mama yake hakupika.

Nikamweleza kuwa ni sehemu tu, Mzee wangu, robo na theluthi. Hakunielewa, au alinielewa sana. Akauliza mimi mwenyewe ni wa upande gani. Nikasema, kwa utani, kwamba mimi ni manju wa pande zote mbili. Hakucheka. Alisema mtu wa pande mbili hana upande, na mtu asiye na upande hafai kushika watoto wa watu.

Nikasema mimi ni Bagalu, na Mageni namhamishia safu za mlangoni leo hii. Akauliza, basi hao Bagika ni nani hapa shuleni? Nikanyoosha kidole ng'ambo ya uwanja, kwa Euphrasia.

Uso wa mzee ukafunguka. Akauliza mashindano ni lini. Nikasema Alhamisi ijayo, mgeni wa chuo atakuwepo. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alisema nisiwe na wasiwasi wa kupata watu, atawaleta.

Nimefikiri mchana kutwa na sioni ubaya. Nkwabi anataka uchangamfu. Euphrasia atabaki na darasa lake kimya, mimi nitakuwa na kijiji kizima dirishani. D itatoka wapi?

Jumamosi, 15 Julai

Ubaya umeonekana. Mjomba wake Euphrasia ni manju wa Bagika kule Bugarama. Kweli kabisa! Nilidhani nasema uongo kumbe nasema kweli. Habari zimeshamfikia, na amesema hawezi kukaa nyumbani wakati mtoto wa dada yake anachokozwa ugenini.

Nilikwenda kisimani kuteka maji. Wanawake walikuwa wamepanga madumu mistari miwili. Wakaniuliza lako unaliweka wapi. Nimerudi na dumu tupu.

Jumanne, 18 Julai

Kijiji kimepasuka. Waliokuwa wakilimiana mashamba hawasalimiani. Leo watoto wawili wa Tano A wamepigana mawe nyuma ya vyoo, mmoja amepasuka juu ya jicho. Nimemfunga kwa leso yangu.

Mwalimu Mkuu Mabula amesema akimwagika mtu mzima damu katika shule yake, hatasubiri D. Ataandika chuoni mwenyewe, siku hiyo hiyo. Nimeogopa. Nasema wazi hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Jioni nilikwenda kwa Mzee Masele kumwomba tuahirishe. Nilimkuta anakaza ngozi za ngoma motoni, na vijana kumi na tano wanafanya mazoezi. Alisema neno limeshafika Kharumwa, haliwezi kurudishwa. Akaniuliza kama kuna kitu nataka kumwambia. Hapo ndipo ningesema ukweli. Nikasema nilikuja kumjulia hali tu. Wakanipa maziwa mgando.

Nimefikiria kuugua malaria. Nimejipima kwa mkono, sina hata mafua.

Alhamisi, 20 Julai

Naandika yote kabla sijayasahau, ingawa sidhani nitayasahau.

Saa mbili na nusu Nkwabi aliingia na daftari lake, akaketi nyuma. Nikaandika ubaoni: Sehemu. Mikono ikanyooka. Nkwabi akainua nyusi. Dakika tano nilikuwa mwalimu bora wa wilaya nzima.

Kisha ngoma. Bagalu wakatokea mlimani, Mzee Masele mbele na njuga miguuni, wakaja mpaka chini ya dirisha langu. Kabla sijafurahi, ngoma nyingine zikajibu ng'ambo. Bagika wa Bugarama, na lori zima la watu. Wakajipanga mbele ya Tano B. Katikati, uwanja mtupu. Nikaona wanaume wameshika fimbo kwa namna ambayo si ya kuchezea.

Bagika walikuwa hodari. Lazima niseme. Mjomba wa Euphrasia alirusha jembe juu, akalidaka kwa meno. Watazamaji wakaanza kuhama. Kwanza kina mama, kisha wazee, kisha safu za dirishani kwangu. Niliwaambia kaeni. Wakapita dirishani, na dirisha letu halina hata fremu. Safu za mlangoni wakasimama kwa uaminifu kama dakika mbili, halafu nao wakatoka, kwa mlango, angalau. Wa mwisho alikuwa Mageni binti Masele. Aliniaga.

Nkwabi alifunga daftari, akatoka. Sikuweza kumtazama.

Nje fimbo zilikuwa zimeinuliwa. Na Euphrasia akaingia katikati ya uwanja, peke yake, na gauni lake la bluu, na chaki. Mwanzo sikuelewa alichosema, alikisema kwa Kisukuma. Alichora mstari mrefu ardhini kwa kisigino. Akawaketisha watu wote chini, huku na huku. Akawaita watoto wa Tano A na Tano B pamoja, wawahesabu. Watu mia mbili na arobaini. Bagalu themanini. Akauliza, sasa kwa Kiswahili, Bagalu ni sehemu gani ya watu wote. Watoto wakapiga kelele, theluthi moja! Akauliza wangapi wavuke mstari ili pande zilingane, na watu wazima wakavuka, arobaini kamili, wakicheka, na fimbo zao wameziacha chini. Nkwabi alikuwa anaandika akiwa amesimama.

Mimi nilibaki na ubao. Na Mzee Masele. Alikuwa ameingia, jasho linamtiririka, akaketi dawati la mbele na njuga zake. Alisema manju hamwachi mtu wa upande wake, hata kama ni mpumbavu. Nikamfundisha theluthi. Nilitumia karanga zake mwenyewe. Alielewa upesi, akauliza maswali mazuri.

Ijumaa, 21 Julai

Nkwabi hakuniandikia daraja lolote. Ameandika kwamba mwalimu hapimwi bila darasa, na mwanafunzi mmoja mwenye umri wa miaka sitini hatoshi. Nilidhani ndio mwisho. Kumbe Euphrasia alimwambia kwamba wazo la mashindano lilikuwa langu, na lilikuwa zuri, ila lilikosa mtu wa kulishika. Kwa hiyo napimwa upya Alhamisi ijayo. Mara ya mwisho kabisa.

Ninajiuliza anataka nini kwangu. Bila shaka ameanza kuniogopa.

Nimemwandikia Mama kwamba nimefaulu. Tofauti ni siku chache tu.

Jumatano, 26 Julai

Nimejifunza mengi katika wiki hizi. La kwanza, umati haufai kufundishia. Zana moja tu, lakini hai.

Somo la kesho ni Sayansi, wanyama watambaao. Euphrasia amenishauri nichore mjusi na nyoka kwenye karatasi ya manila. Picha! Mzee Masele anafahamiana na mmoja wa Bayeye, wale wacheza na nyoka, nami nikamwomba aniazimie nyoka mmoja. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akakubali, kwa kuwa mimi ni mtu wa upande wake. Alisema mwenye nyoka atakuja kesho asubuhi kumshika, na kwamba kapu lisifunguliwe kabla hajafika. Alilirudia hilo mpaka nikachoka kuitikia. Leo saa tisa kapu limeletwa chumbani kwangu. Mletaji ameapa kwamba nyoka yumo, amemsikia njia nzima.

Nimelifungua kidogo tu, dakika chache zilizopita. Mwalimu lazima aikague zana yake kabla ya somo. Kapu ni tupu.

Naandika nikiwa juu ya meza. Mlango uko ng'ambo ya kitanda. Andalio la somo limekamilika, limebaki chini sakafuni, na chini ya karatasi zake kuna kitu kinachozisogeza.