Filta za Shemeji Zina Plastiki Ndani

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mama watoto,

Leo nina habari, naandika kabla chai haijapoa. Mwenye chuo cha udereva, yule tunayemwita Mwalimu, amepita dukani. Anatafuta duka moja la vipuri la kuhudumia magari yake yote. Ataamua Ijumaa. Akinichagua, duka letu litabaki. Asiponichagua, binti yetu amesema basi, nifunge, nihamie kwake kwenye chumba cha wageni. Chumba kizuri. Kina pazia la maua. Sikitaki.

Kikwazo ni mdogo wako. Duka lake liko ng'ambo ya barabara, na Mwalimu alipotoka kwangu aliingia kwake. Wakacheka humo ndani. Kwangu hakucheka.

Lakini shemeji nimemshika pabaya. Filta zake za oili zina plastiki ndani. Nimeiona moja gereji kwa Fundi Miwani, imepasuliwa. Lile bomba la katikati lenye matundu, linaloshikilia karatasi ya kuchujia, ni plastiki nyeusi. Zangu ni chuma tupu. Aliyeniuzia aliapa.

Jumanne, tarehe 4

Mpango wa kwanza: sumaku. Nimeing'oa kwenye spika mbovu. Kila mteja akiingia naibandika kwenye filta yangu, inanata. Nasema, unaona mwenyewe, chuma. Asubuhi yote mambo yalikwenda vizuri. Dereva mmoja wa teksi aliwaita wenzake waje waone.

Kisha shemeji akavuka barabara, mpole kama kawaida yake, akaomba kuiazima. Ningemnyimaje mbele za watu? Akaibandika kwenye filta yake. Ikanata. Akasema, shem, kopo la nje ni la chuma kwa kila mtu, sumaku haina macho ya kuona ndani.

Madereva walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilicheka nao, ili isijulikane.

Jumatano, tarehe 5

Mpango wa pili: msumeno. Nimevaa kofia na koti la mvua, nikaenda kununua filta kwa shemeji bila kujulikana. Amenifungia vizuri kwenye gazeti, akaniuliza, shem, umekula lakini?

Nimekata yake, nimekata na yangu. Yake plastiki, yangu chuma kweli. Nimezipigilia zote mbili kwenye ubao mlangoni, nikaandika kwa rangi nyekundu. Ya kwangu, IMARA. Ya kwake, TAZAMA MWENYEWE.

Fundi Miwani alisimama akazitazama muda mrefu. Akasema plastiki nzuri inavumilia joto la injini, na chuma kibaya hakina faida. Cha kuangalia ni karatasi, gundi na ile valvu ndogo. Nikamshukuru. Nafasi ya kuyaandika hayo ubaoni haikuwepo.

Chembe za chuma zilirukia aproni yako iliyoning'inia mlangoni. Nimeikung'uta taratibu. Pale kiunoni bado pana alama ya kidole chako kidogo. Ulikuwa ukipaka oili kidogo kwenye mpira wa filta kabla ya kumpa mteja, kisha unajifuta palepale, kila mara. Hakuna aliyekuomba. Ulisema unamhurumia atakayekuja kuifungua. Nimekung'uta pembeni tu mwa ile alama.

Alhamisi, tarehe 6

Binti amekuja na maboksi. Ameanza na rafu ya balbu. Yeye anapanga ndani, mimi natoa kwa upande wa pili. Tulikwenda hivyo mpaka akagundua. Nikamwomba asubiri kesho tu. Akauliza kesho kuna nini. Nikamweleza: nitazichemsha. Filta mbili kwenye oili moja, ya plastiki iyeyuke kila mtu akiona.

Akasema, Baba, mbele za watu?

Nikasema hao watu ndio nawataka.

Akakaa juu ya boksi na kushika kichwa. Hapo amefanana na wewe.

Ijumaa, tarehe 7

Nimeweka jiko mlangoni, juu yake ile sufuria isiyo na mkono, ndani oili. Walikuja wote. Mwalimu mbele, Fundi Miwani, madereva, binti kakunja mikono. Shemeji alisimama nyuma kabisa. Nikatoa maelezo kama mtu aliyesomea. Nikazitumbukiza zote mbili bila makopo yake.

Tukasubiri. Plastiki haikulainika. Nikaongeza moto. Tukasubiri tena. Mwalimu akatazama saa.

Kisha kitu kikaibuka juu. Ilikuwa karatasi yangu. Gundi imeachia, bomba la chuma limebaki chini peke yake, na karatasi inazunguka kama mkate ulioangukia kwenye chai. Ya shemeji niliitoa kwa koleo, ngumu kama ilivyoingia. Dereva mmoja akauliza kama ile yangu inaliwa na kijiko.

Nilitamani ardhi inimeze. Oili ikaanza kutoa moshi, na mimi nimesimama tu na koleo. Aliyezima jiko ni shemeji.

Akamgeukia Mwalimu. Akamwambia, filta chukua kwangu. Lakini breki, mikanda na plagi nenda kwa shem. Dada yangu hakuwahi kuweka breki mbovu kwenye rafu zile, na huyu mzee hajabadilisha kitu tangu siku tuliyomzika.

Mwalimu akafikiri. Akasema sawa, maana wanafunzi wake wakishtuka wanakanyaga breki, na wanashtuka siku nzima.

Nilikwenda kusimama stoo kidogo. Vumbi la huko si zuri kwa macho.

Jumapili, tarehe 9

Binti ameondoka na maboksi yake matupu. Amesema pazia la maua litanisubiri. Shemeji amekuja, tumekunywa chai, amenisaidia kubandua ule ubao. Maandishi ameyageuzia ukutani.

Nimetulia, nimetafakari yote kwa haki. Kosa lilikuwa la sufuria. Ingekuwa na mkono, ningeiepua mapema.

Tena, nilipomsindikiza shemeji mpaka kwake, nimeona kitu. Wipa zake za vioo zina fremu za plastiki. Zangu ni chuma. Nimeshaongea na muosha magari, Jumanne asubuhi ataniazima mpira wa maji. Tutazinyeshea zote mbili mvua ya uhakika, na Mwalimu nimemwalika akae kiti cha mbele garini. Shemeji aliniuliza mbona natabasamu. Nikasema ni chai.

Mama watoto, huko uliko unikumbuke. Hasa hiyo Jumanne, maji yatakapofunguliwa.