Habari za Bořivoj Hanák, Aliyethubutu Kumtaja Mtunzi Maarufu

Sogeeni, enyi mliosikia habari za majeshi na milki mkadhani mmekwisha kusikia. Kaeni, vueni kofia, zimeni simu zenu, kwani leo nawasimulia habari za Bořivoj Hanák, mwalimu wa jiografia, ngao ya kona ya dirishani, sikio lisilosinzia la mji wa Hradečná katika nchi ya Moravia, na jinsi alivyokitetea kiti chake alasiri ya Jumapili moja ya baridi kali, bila upanga wala farasi, kwa kutamka jina la mtu mmoja tu. Ewe pumzi, usiniishie katikati. Nawe ulimi, usijikwae katika majina ya watunzi waliosahauliwa, maana walisahauliwa kwa sababu, ila wanaowapenda hawataki kuambiwa.

Katika mji huo kuna baa, na katika baa hiyo kuna meza ya duara, na mezani hapo huketi Baraza la Masikio. Kazi ya Baraza ni moja. Mama Otilie, mjane aliyeachiwa na marehemu mumewe santuri za kujaza chumba, huwapigia wenzake kipande cha muziki kifupi kuliko chafya, nao hutaja aliyekitunga. Wala msidhani ni watunzi mnaowajua ninyi. Mtunzi ambaye watu hupiga mluzi nyimbo zake njiani, kwao huyo ni takataka. Wao humtaka mpiga kinanda wa kanisa la kijijini, aliyetunga kazi moja akafa kwa kuhara, na kazi yenyewe nusu yake ikaliwa na panya.

Ndipo wakajiwekea sheria, nayo ilikuwa kali. Yeyote atakayetamka mezani jina la mtunzi mwenye mtaa uliopewa jina lake hapo mjini, atavaa aproni ya jikoni na kuwamiminia wenzake bia mpaka mkutano uishe. Tangu Baraza lianze hakuna aliyeivaa. Ilining'inia msumarini, imepigwa pasi, ikiwatisha watu wazima wenye wajukuu. Na atakayemaliza msimu mzima bila kupata hata kipande kimoja, ataiacha meza ya duara na kuhamia benchi la karibu na choo, waliko wasikilizaji, ambao ruhusa yao ni kupiga makofi tu.

Sasa jueni, jamani, kwamba Hanák hakuwa amepata hata kimoja. Msimu ulianza majani yakidondoka, naye akakosa. Theluji ikaanguka, akakosa. Na sasa imefika Jumapili ya mwisho, kimebaki kipande cha mwisho, na shujaa wetu ameishika bia yake kwa mikono miwili kama mgonjwa aliyeshika uji. Alikuwa na hofu, sifichi. Shuleni wanafunzi walimlalia usingizi tangu mlima wa kwanza hadi mto wa mwisho. Mahali pekee duniani ambapo mtu alimgeukia akamwuliza, "Wewe Hanák unaonaje?" palikuwa pale mezani, na kupapoteza hapo aliona ni kufa huku anatembea.

Kuumeni kwake aliketi Daktari Hynek Vondra, mng'oa meno, tufani ya magego, mtu aliyekuwa akitaja mtunzi hata kabla fidla hazijamaliza kukohoa. Daktari akamsogezea sahani ya jibini lililolowekwa kwa mafuta na vitunguu.

"Kula, mwalimu, usije ukahama na njaa," akasema. "Benchi lile mimi nimelikalia siku moja nikisubiri choo. Si baya. Harufu mtu huizoea."

"Ahsante, Daktari. Nawe siku ukizoea kushindwa, uje unifundishe."

"Mimi kushindwa? Tangu lini?"

"Ndiyo maana nikasema siku ukizoea."

Hapo Mama Otilie akainuka, akagonga glasi kwa kijiko, na baraza lote likanyamaza. "Mabwana," akanena, "tumevuka msimu mrefu. Nimewavumilia mkibishana mpaka chakula kikapoa. Hiki ndicho cha mwisho. Anayejua aseme, asiyejua asituchoshe."

Akabonyeza kitufe cha mashine ya santuri. Fidla zikapanda kama ngazi tatu hivi, filimbi ikacheka kidogo, basi. 

Daktari Vondra akanyanyua kidole kama nabii. "Kryštof Zapletal," akasema. "Zapletal mdogo, si yule mkubwa. Yule aliyekuwa kiziwi wa sikio moja."

"Siye," akasema Mama Otilie.

"Basi shemeji yake."

"Siye, Daktari. Umekwisha kucheza zamu yako."

Wakarusha mikuki yao wengine, mmoja baada ya mwenzake: watawa, wanajeshi waliostaafu, bwana mmoja aliyemtungia farasi wake, hata mtu ambaye haijathibitika kama alizaliwa. Siye, siye, siye. Na muda wote huo Hanák alikuwa ameganda kitini, maana alikuwa anajua.

Alikuwa anajua, wallahi, na sababu ni hii. Boila ya nyumbani kwake, ule mtambo wa kupasha nyumba joto, ilikufa kabla ya Krismasi, na mkewe Blažena akamtuma aipigie simu kampuni ya matengenezo. Na kampuni ile, kama zilivyo zote, humwekea mtu muziki ili asife kwa kusubiri. Akasubiri mpaka chai ikapoa, ikatengenezwa nyingine, nayo ikapoa. Muziki ule ule ulizunguka, ngazi na kicheko, ngazi na kicheko, naye akachakaa kwa kutoujua. Hatimaye binti mmoja akapokea.

"Halo, nikusaidie nini?"

"Dada, huu muziki mnaotuwekea ni wa nani?"

"Muziki upi tena? Kaka, hapa ni boila."

"Najua. Niulizie tu, nakuomba sana."

Binti akaenda, akarudi. "Wanasema ni wa Holoubek. Kuna kingine?"

"Hapana, dada, Mungu akubariki," akasema Hanák, akakata simu, uso unang'aa. Blažena alikuwa amesimama nyuma yake na makoti mawili mwilini. Aliyoyasema hayaandikiki, maana huenda watoto wakasoma.

Holoubek! Mwenye mtaa, mwenye sanamu, mwenye keki iliyopewa jina lake na kuuzwa stesheni. Akimtaja, aproni, asipomtaja, benchi. Na ikiwa binti wa boila alikosea, basi ni aproni leo na benchi milele. Akaitazama aproni. Akalitazama benchi, na mzee mmoja pale akamsogelea mwenzie ili kumpa Hanák nafasi. Hapo akasimama.

"Ndugu zangu," akasema, "mmenijua miaka mingi kuwa mtu wa heshima. Sijawahi kupenda wimbo unaopendwa na jirani. Nilichonacho leo mdomoni ni cha aibu, lakini ni cha kweli. Ni Holoubek."

Kijiko kikaanguka mahali fulani. Daktari Vondra akacheka mpaka akajishika mbavu. "Holoubek! Mwalimu, huyo hata watoto wa chekechea wanamjua. Mleteeni aproni yake."

"Ndiye," akasema Mama Otilie.

Daktari akaziachia mbavu zake.

"Ndiye Holoubek," akarudia mjane, "na mkitaka kugomba, gombeni. Nimechoka na watu waliokufa kwa kuhara. Marehemu mume wangu aliupiga huu kila asubuhi akinyoa ndevu, na nina hamu nao."

"Mimi nilimjua tangu fidla ya kwanza," akasema Daktari.

"Mbona hukusema?"

"Mtu na heshima zake, Mama Otilie, atasemaje?"

Basi wakampa Hanák kiti chake kwa kura ya wote, wakamshangilia, na papo hapo wakamvika aproni, kwa kuwa sheria ni sheria. Akawamiminia bia alasiri nzima, wa kwanza Daktari Vondra, bila kumwaga hata tone. Kiti alichokipigania hakukikalia mpaka wenzake walipoanza kutafuta kofia zao.

Akafika nyumbani anapaa. Blažena alikuwa jikoni, amefungua mlango wa jiko la kuokea ili apate joto.

"Nimeshinda, mke wangu. Kiti ni changu."

"Hongera. Kina moto?" Akamkabidhi simu. "Leo watu wa zamu ya dharura wapo. Piga."

Akapiga. Nako, ajabu ya maajabu, kampuni ilikuwa imebadilisha muziki. Zeze nzito, huzuni, na kitu kama kengele kwa mbali. Hanák akafumba macho, mkono kifuani. "Nyamaza kidogo," akanong'ona, "hiki sikijui."

"Halo, nikusaidie nini?" ikasema sauti ya binti.

Blažena alimpokonya simu kabla hajafungua kinywa.

Na yaandikwe basi, yasomwe na wajao: kwamba katika majira ya baridi ile kuu, wakati majabali walipojificha nyuma ya heshima zao, alisimama mmoja, akatamka lililojulikana na wote, akakihifadhi kiti chake, na Hradečná nzima, yaani watu wa meza ile na wa benchi, wanakumbuka mpaka leo. Siku ya pili alikuja fundi, akatengeneza boila, akanywa chai ya Blažena, akaenda zake. Jina lake hakuna aliyeliuliza.