Kinyozi Aomba Bintiye Atolewe Darasa la Fasihi

Kwako Mwalimu wa Fasihi,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kiti cha wateja, maana ndicho pekee chenye mto. Pole na kazi. Huku tu wazima, isipokuwa heshima yangu, ambayo imelazwa.

Mimi ni baba wa yule binti wa dawati la mbele, anayenyoosha mkono kabla swali halijaisha. Umempa fomu niitie saini ili aendelee na Fasihi miaka miwili ijayo, na mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa. Sijatia. Naomba umhamishie kwenye somo lolote lisilo na maswali. Amelia kidogo, lakini sababu ninazo.

1. Ulimfundisha kwamba insha ya uhakiki haisimulii hadithi upya: inatoa hoja, inaleta ushahidi, kisha inaeleza ushahidi huo unathibitisha nini. Na kila aya ikiisha, mwandishi ajiulize, "Kwa hiyo?" Hukumwambia swali hilo libaki shuleni. Juzi mezani niliwasimulia siku yangu ilivyokwenda, kwa urefu unaostahili. Nilipomaliza, akaweka kijiko chini: "Kwa hiyo, baba?" Nimeitafuta hoja yangu hadi chakula kikapoa.

2. Kibao cha dukani kwangu kimesema KINYOZI BORA KULIKO WOTE kwa miaka kumi na miwili, bila mtu kulalamika. Jumamosi alikuja kufagia nywele, akakitazama, akasema hoja ni nzito ila haina ushahidi. Na ushahidi uliopo, yaani kichwa cha mjomba wake, unaipinga. Mjomba alikuwa kwenye kiti.

3. Kinyozi anaishi kwa porojo. Nina mteja, dereva mstaafu, ambaye kila wiki husimulia alivyolisimamisha lori lisilo na breki kwa mguu mmoja. Binti alimsikiliza mara tatu, kisha akamwambia kwa adabu zote, "Samahani, babu, mara ya kwanza ulikuwa mguu wa kushoto." Akamweleza kwamba wasimulizi wasioaminika wapo wengi na wala si aibu. Mzee hakukasirika, na hilo ndilo linaloniudhi. Sasa anakuja kila Jumamosi kunyolewa ndevu ambazo hazijaota, anataka kujua mguu wake unaashiria nini.

4. Zamani mke wangu akisema "Sina neno," nilichukulia kwamba hana neno, nikaenda zangu kulala. Sasa binti ananivuta pembeni: "Baba, usisome maneno peke yake. Sufuria ameifunika mara tatu, kwa kishindo, na haina kitu ndani." Nikaenda kuomba radhi kwa kosa nisilolijua. Kumbe yalikuwa mawili.

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Kabatini, chini ya mashuka, aliikuta barua niliyomwandikia mama yake kabla hatujaoana. Ndiyo maandishi yangu pekee katika dunia hii, na nimejisifia nayo miaka ishirini. Ameihakiki. Pembeni ameandika, kwa penseli, nashukuru: "Mwandishi anasema anapenda mara kumi na nne. Mfano hakuna hata mmoja. Nyota, mwezi na ua ni vya kila mtu. Mpenzi huyu angeweza kuwa yeyote." Alama: kumi na moja kwa ishirini. Nikakata rufaa kwa mama yake. Akaisoma upya, akasema mtoto ana huruma. Yeye angenipa tisa.

Mwalimu, leo ni barua ya mapenzi. Kesho atahakiki wasia wangu, nami sitakuwepo kujitetea. Mtoe huko mapema.

Nisalimie walimu wote, mpishi na mlinzi wa geti, na zaidi yule wa Hesabu, ambaye mwanangu hajawahi kurudi nyumbani na neno lake hata moja.

Ni mimi mzazi wa kumi na moja kwa ishirini,
Kinyozi Bora (ushahidi unatafutwa)

Baada ya kutia sahihi: Nilimpa binti barua hii anisahihishie tahajia. Ameirudisha na maoni: "Hoja iko wazi, baba. Ushahidi ni mwingi, hongera. Ila wote unathibitisha kwamba mwanafunzi huyu ameelewa somo. Kwa hiyo?"

Badala ya kumjibu nimemwandikia mama yake barua nyingine. Nyota nimeziacha zilipo. Nimeandika kuhusu ule mwezi mzima umeme ulipokatika dukani, naye akawa anakuja kila jioni kunishikia tochi nimalizie kichwa cha mteja, na mkono wake haukutikisika hata mara moja. Ameisoma akiwa amesimama. Akaikunja, akasema, "Sina neno."

Nikasikiliza sufuria. Kimya.

Fomu imo ndani ya bahasha hii, ina saini.