Nilijigeuza Ng'ombe

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Kaye ya kuandikia imefika! Tutaandika hadithi moja kwa kupokezana, sisi watatu wa hapa Rubaya: mimi Benoît, fundi wa kujenga, Séraphin wa cherehani, na Mama Léontine. Sheria ni yangu: kila mmoja anageuza muntu kuwa kitu chochote, na hakuna kufuta. Itasomwa sikukuu ya Bikira Maria, mbele ya parokia nzima. Mbele ya Papa Kanyamibwa, baba yake Dancille, binti ninayetaka kumuoa! Misa kumi na saba nimepiga magoti nyuma ya binti huyo. Hajageuka hata mara moja.

Jumatano, 5
Nigeuke nini? Chui? Papa atakimbia. Mbuzi? Mimi, mwenye nyumba ya vyumba vitatu niliyojijengea? Ng'ombe! Pembe mita moja na nusu, vibuyu kumi vya maziwa kwa siku. Shujaa nimemwita Benoît. Akina Benoît ni wengi.

Ijumaa, 7
Mama Léontine amecheka mpaka akakaa chini. Akauliza kwa nini jike. Nikamjibu dume halina maziwa. Wivu tu. Kaye iko kwa Séraphin.

Jumatatu, 10
Mwizi! Ameandika kwamba fundi wa cherehani alimkuta Benoît malishoni, akamfunga kamba, akampeleka kwa Papa wa Dancille. Mahari! Nilipolalamika akajibu kwa upole: "Kaka, ng'ombe ya kupita zote inapelekwa wapi, kama si kwa bakwe? Weye njo ulimunonesha."

Alhamisi, 13
Nilimsihi Mama Léontine aniokoe kwenye zamu yake. Ameniokoa vipi? Nimezaa. Mapacha!

Jumamosi, 15
Imesomwa. Kwenye mapacha, parokia ililia kwa kicheko. Papa Kanyamibwa akasimama, akasema: "Huyu kijana anajua kuheshimu bakwe. Séraphin, kuya kwetu tuzungumuze." Kijana ana miaka thelathini na sita! Dancille akanipa pole ya uzazi.

Jumapili, 16
Nimepata kosa: pembe. Kamba ilipata pa kushika! Nimenunua kaye nyingine. Sasa nageuka kibuyu cha pombe ya ndizi, tamu kupita zote za Masisi, ya kumfurahisha Papa Kanyamibwa. Séraphin ameomba ukurasa wa pili. Nikakubali. Akanishukuru mara tatu, kwa mikono miwili.

Ameanza kuniheshimu.